Mafuta ya Papa Kwenye Silinda

Habari ya kufariki kwa Bi Mwanaisha ilinikuta Mombasa nimelala chali chini ya gari la mtu, umri huu ambao wenzangu wamelala chali vitandani mwao. Ilikuja kwenye simu kwa sauti ya bintiye, Khadija. Alisema mama ameondoka alfajiri na atazikwa adhuhuri, kisha akaongeza: "Fundi, ukiweza kuya, ndoo. Kuna kitu nataka ukitazame." Maziko nisingeyawahi. Nilipanda basi la kesho yake, nikavuka bahari hadi Amu, nikafika nyumbani kwake mtaa wa Langoni watu wamekaa matanga, wanaume barazani na wanawake ghorofani, na nje ya mlango, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Bwana Lali, shemeji wa marehemu, mzee sasa, mikono yake juu ya bakora. Tulipeana mkono. Hakuniambia karibu, wala sikushangaa. Nilipita nikaingia chumba cha chini kutafuta pa kuweka begi langu, na pale ukutani, chini ya tanga la mashua lililogeuka rangi ya majivu, niliona umbo ambalo miaka yote hii nimekuwa nikiomba liwe limeuzwa, limeibiwa au limeliwa na kutu. Pikipiki ya Shee, mume wa Bi Mwanaisha, ilikuwa bado ipo.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne mwaka ule nilioitwa kuitengeneza. Nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa na cheti, sanduku la spana na mdomo mrefu kuliko vyote viwili. Langoni hakukuwa na kazi ya pikipiki. Vichochoro vyetu punda wawili wakikutana mmoja hurudi kinyumenyume, sasa pikipiki ingepita wapi? Nilitengeneza mashine za maboti, jenereta na pampu za maji, na jioni nilikaa nikieleza watu mambo ya injini ambayo hawakuuliza. Nadhani ndiyo sababu Bi Mwanaisha aliniita mimi. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Pate kwa kuzaliwa, binti wa mafundi wa vyombo vya bahari, na mtaa mzima ulijua habari yake: mumewe, Bwana Shee, alitoka siku ya maulidi miaka kumi na mmoja nyuma na hakurudi. Lali, nduguye, ndiye aliyeleta habari. Alisema alikuta pikipiki ya nduguye imesimama bandarini Mokowe, ng'ambo ya bara, kavu, ufunguo umo ndani, na watu wakamwambia Shee kapanda chombo kwenda kutafuta riziki Arabuni. Alivusha pikipiki kwa mashua, akaifunga tanga, akaiweka chumba cha chini. Basi. Bi Mwanaisha akawa si mke wala si mjane. Hakukaa eda, maana eda ni ya aliyefiwa, na hakuna aliyemwambia amefiwa. Watu walipotaka kumsomea Shee khitma aliwafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika, kwani marehemu ni marehemu.

"Khadija ataolewa mwaka hunu," aliniambia siku ya kwanza, ameshika taa mkononi ingawa ilikuwa saa nne asubuhi, maana chumba kile hakijui jua. "Babake hatakubali bintiye aolewe yeye hayupo. Atakuya. Akiya aikute yawaka." Alisema hivyo kwa utulivu wa mtu anayeagiza unga dukani. Mimi nilicheka kidogo, nikamwambia Bi, hii ni kazi ya siku mbili. Najuta vingi katika maisha, na kile kicheko kimo.

Alinilisha kila siku niliyofanya kazi kwake, wali wa nazi na samaki wa kupaka, mara nyingine mkate wa mofa na maharagwe, na alikuwa na desturi moja iliyonitia baridi tangu mwanzo. Akipakua, hupakua sahani tatu: yake, ya Khadija, na ya tatu, sahani ya kauri yenye maua ya buluu, ambayo aliifunika kawa na kuiweka juu ya kabati. Ile ilikuwa ya Shee. Jioni chakula chake alipewa maskini mlangoni, sahani ikaoshwa, kesho ikapakuliwa tena. Mimi nililetewa changu kwenye bakuli la bati. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa, nikisikia juu yangu Khadija na shangazi zake wakipanga mambo ya harusi, nani atakuja, nani hatakuja, na kila mara jina la babake lilipotajwa mazungumzo yalisimama kwanza, kisha yakaendelea kwa sauti ya chini.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, ya zamani hata wakati ule, silinda moja kubwa, ya kuwashwa kwa kiki. Mashine ya aina hiyo ikiwa nzima hupigana nawe. Ukikanyaga kiki inakukatalia, na usipojua inakurusha mguu hadi kifuani. Hii haikunipinga hata kidogo. Kiki ilishuka kama nakanyaga mto wa sufi. Hapo fundi yeyote anajua kompresheni imekufa, yaani silinda haishiki hewa inayopaswa kubanwa kabla ya kuwaka, na kazi yake ni kutafuta hewa inatorokea wapi. Nikamuuliza Bwana Lali, ambaye siku hiyo alikuja kunitazama na hakuacha kuja siku zilizofuata, kama kuna mtu aliwahi kuifungua injini. Alikuwa mtu mnene wa kicheko, nahodha wa mashua ya mizigo, na aliponijibu hakucheka. "Hakuna mtu alogusa," alisema. "Mimi niliifunika tanga tu."

Nikafungua plagi. Harufu iliyotoka kwenye lile tundu dogo ilinifanya nirudishe kichwa nyuma, na haikuwa ya petroli wala ya oili. Ilikuwa harufu ya pwani wakati vyombo vimepandishwa mchangani na watu wanavipaka sifa, yale mafuta ya maini ya papa yanayochemshwa hadi mtaa mzima uombe toba, ambayo huzuia mbao zisiliwe na bahari. Nilidhani pua yangu inanidanganya. Nikafunga geji ya kupimia mbano wa hewa kwenye tundu la plagi, nikapiga kiki mara sita. Mshale ulipaswa kupita mia. Ulifika thelathini ukalala. Nikatia kijiko cha oili safi ndani ya silinda, nikapiga tena. Hiki ni kipimo cha kale na hakisemi uongo: oili huziba mwanya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, kwa hiyo mshale ukipanda, ugonjwa ni ringi, usipopanda, ugonjwa ni valvu. Mshale ulipanda hadi sitini. Nikasukuma hewa kwa pampu, nikaweka sikio kwenye ekzosi, kimya. Kwenye kabureta, kimya. Kwenye mdomo wa kutilia oili, shhh, hewa inapita. Kwa hiyo ringi. Lakini ringi peke yake zisingeiacha chini vile hata baada ya kijiko cha oili. Kulikuwa na kitu cha pili, na hicho cha pili kilinikosesha raha kuanzia hapo.

Siku niliyofungua injini Lali alikuwa safarini na mashua yake. Nilipovuta silinda juu, nilikuta ringi zote zimegandia kwenye mifereji yake kwa gundi ya kahawia, ngumu, ambayo nilipoichoma kwa kiberiti ilinuka papa. Mtu alikuwa amemimina sifa humo ndani, si kidogo. Mtu wa vyombo, mtu anayejua kwamba kitu kilichotoka baharini hupakwa sifa kisioze, na asiyejua kwamba ndani ya injini sifa hukauka ikawa ulimbo. Nikasafisha ukuta wa silinda, nikaona mstari wa kutu umeuzunguka wote, umekula chuma, mahali maji yalipokaa yakatulia. Ndani ya ekzosi nilikwangua tope jeusi la mikokoni, na katika lile tope mlikuwa na vijumba vidogo vya konokono wa pwani, vitupu. Kisha nikapima konrodi, ule mkono wa chuma unaosukuma pistoni juu na chini. Ulikuwa umepinda. Si sana, lakini ulitosha pistoni isifike juu inapotakiwa, na hapo nikapata jibu la kile cha pili. Konrodi ya chuma kile haipindi kwa kukaa. Inapinda kitu kimoja tu kikitokea: injini ikiwa inanguruma, inameza maji badala ya hewa, na maji hayabanwi.

Nilikaa chini kwenye sakafu na ule mkono wa chuma mapajani. Juu yangu nilisikia Bi Mwanaisha akiosha vyombo na kumwambia Khadija asisahau kuifunika sahani ya babake. Pikipiki iliyokutwa bandarini, kavu, ufunguo umo ndani, ilikuwa imeingia baharini ikiwa inaenda, na mtu juu yake. Niliogopa. Sikumwogopa Lali, niliogopa kwamba sasa nilikuwa najua kitu ambacho mwenye haki ya kukijua alikuwa hatua kumi na tano juu ya kichwa changu, na hajui.

Lali aliporudi nilimwonyesha konrodi. Aliitazama, akavua kofia, akaketi juu ya sanduku langu la spana.

"Hiyo mashine nalipata wapi akili ya kuitia sifa," alisema. "Nali nikitaka isiharibike. Nali nikitaka kitu kimoya chake kisiharibike."

"Bwana Lali, yeye yuko wapi?"

"Sijui. Wallahi sijui, na hilo ndilo lililoniua." Akanieleza, macho yake kwenye sakafu. Siku ile ya maulidi walikuwa wametoka shamba Kililana, wamechelewa, watu wote wameshavuka kwenda Amu. Yeye Lali ndiye aliyeomba kuendesha, na yeye ndiye aliyesema wakate ndia kupitia mikokoni, mai bado yako mbali. Kwenye mkondo injini ikakohoa ikazima, pikipiki ikalala, na mguu wa Shee ukawa chini yake ndani ya tope. Alivuta. Maji yalikuwa yanajaa. Shee alimwambia, nenda kaite watu. "Nalikimbia mashamba matatu, Fundi. Hapana mtu. Wote wako maulidini. Narudi, ni mai matupu. Yaliposhuka naona pikipiki, yeye hayupo. Nilizunguka mikokoni siku tatu. Sikuona hata kanzu." Akajifuta uso. "Maiti sikuona. Ningemwambia nini? Nalisema kasafiri, nikidhani kesho bahari itamleta, nitasema kweli. Kesho yenyewe imekuwa miaka kumi na mmoja."

Kisha akaniomba. Aliomba nisubiri hadi Khadija aolewe. Harusi ilikuwa wiki sita mbele, posa imeshapokewa, na habari kama hii ingeigeuza nyumba kilio. Baada ya harusi, alisema, yeye mwenyewe kwa mdomo wake atamwambia. Nikakubali. Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwamba nilikuwa kijana, kwamba yeye alikuwa mkubwa wangu, kwamba si jambo langu. Ukweli ni kwamba nilikubali upesi, kama mtu anayetua mzigo, na nilishukuru.

Kesho yake Bi Mwanaisha alishuka mwenyewe na chakula. Alikuwa hajawahi kushuka nikiwa nimefungua kitu. Injini ilikuwa imetandazwa kwenye gunia, nami nilikuwa nasugua gundi kwenye pistoni kwa kitambaa nilichokata kwenye mguu wa ovaroli yangu ya buluu, ile niliyoishona kiraka kwa uzi mwekundu. Alisimama mlangoni. Akaweka sinia chini. Akainama, akaokota kile kitambaa pale nilipokiacha, akakisogeza puani, taratibu, na akakaa nacho hivyo. Binti wa mafundi wa vyombo wa Pate.

"Omari," akaniita. "Hii si sifa?"

Lali alikuwa amesimama nje ya dirisha. Nilikiona kivuli chake kikitikisa kichwa.

"Ni oili kuukuu, Bi," nikasema. "Ikikaa sana hunuka hivyo."

Alinitazama usoni kwa macho yake makavu, bila hasira, nami nilidhani anapima kama kazi itakwisha. "Haya," akasema. "Kula, kisipoe." Akapanda ngazi. Baadaye nilikitafuta kitambaa changu nisikione, nikakata kingine.

Nilienda Mombasa, konrodi ikanyoshwa, silinda ikasuguliwa, nikarudi na ringi mpya. Kazi ilikwisha siku chache kabla ya harusi. Niliita watu wa nyumba washuke, maana mdomo wangu wakati ule haukujua kunyamaza hata penye msiba, na kiki ya tatu ile mashine iliwaka ndani ya chumba kile cha mawe kwa kishindo kilichofanya punda wa jirani akate kamba. Khadija alipiga kigelegele. Shangazi zake wakapiga vigelegele. Bi Mwanaisha alisimama na mkono mmoja juu ya tangi la petroli, kama mtu aliyemshika mgonjwa bega, hadi moshi ulipotufukuza. Adhuhuri ile chakula changu hakikuletwa kwenye bakuli la bati. Kililetwa kwenye sahani ya kauri yenye maua ya buluu. Nilifurahi. Nilidhani nimepandishwa cheo, kwamba ni zawadi ya fundi. Nilimaliza wali wote na kulamba vidole.

Harusi ilifungwa ghorofani. Nilikuwa mmoja wa mashahidi, Lali aliniomba, na shekhe alipouliza babake bibi harusi yuko wapi Lali alijibu kwamba hayupo, nami niliyekaa goti kwa goti naye nikatazama zulia. Baada ya hapo nilimsubiri aseme. Wiki ikapita. Kila nikikutana naye alisema kesho, mama Khadija hajisikii vizuri, si wakati wake. Na kweli Bi Mwanaisha alikuwa haonekani. Toka siku ya pili ya harusi hakutoka mlangoni, hata kwa jirani, hata kwenye harusi za watu. Ikafika siku ya maulidi, siku ambayo miaka yote kumi na mmoja aliacha mlango wazi mchana kutwa, na mlango ule nilipita nikauona umefungwa. Walisema ana baridi ya mifupa. Mimi nilisema moyoni kwamba ni kungoja kunamla, kwamba injini yangu imemtia tamaa mpya na tamaa hiyo inamuua, na badala ya kupanda ngazi kumi na tano na kusema neno moja, nilifunga sanduku langu la spana nikahamia Mombasa. Kwa watu nilisema nafuata kazi.

Haya ndiyo niliyokuwa nayaona tena chumbani, mkono juu ya lile tanga, aliposhuka Khadija. Ni mama wa watu wazima sasa, ana miwani. Alikuwa ameshika bati la biskuti la zamani. Lali, aliyemwona akipita, alisukuma mlango kwa bakora akasimama hapo, anahema.

"Nimelikuta ndani ya kasha la mama, chini ya nguo nyeupe," Khadija alisema. "Nataka uniambie, maana ni wewe ulokuwa hapa mwaka ule. Unakumbuka alivyougua baada ya mimi kuolewa? Nilikuwa naja kumtazama kila siku. Havai rangi. Hajitii manukato, hata wanja. Hatoki. Nikimpa dawa anaweka pembeni. Na kila siku akila tende moja, kokwa akiitia humu. Namuuliza, mama, za nini? Anasema za kuotesha. Halafu siku moja akaamka, akaoga, akajitia udi, akatoka kwenda sokoni kama mtu mzima. Ami, wewe wakumbuka?"

Khadija akafungua bati akalimimina juu ya tanga. Zilikuwa kokwa za tende, kavu, nyeusi, nyingi. "Nimezihesabu jana," akasema. "Mia na ishirini na nane."

Miezi minne ya mwandamo na siku kumi, eda ya mjane. Shekhe yeyote angemwambia kwamba eda yake ilishapita zamani bila yeye kujua, lakini hakumuuliza shekhe. Alijua tangu siku ile ya sinia, maana kitu hakitiwi sifa ila kimetoka baharini. Alingoja hadi bintiye akaolewa kwa furaha, kisha akakaa msiba wake peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, bila kumwaibisha shemeji yake, bila kuniaibisha mimi, na sahani ya mumewe alikuwa ameshaitoa sadaka, kwangu, nami nikalamba vidole.

Chini kabisa ya bati kulikuwa na kitu kilichokunjwa. Khadija alikinyoosha mbele yangu. Kilikuwa kipande cha kitambaa cha buluu, kimekakamaa, na katikati yake kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu.

"Na hiki je? Kina doa hapa. Ni nini hiki, Fundi?"

Nilimtazama Lali. Alitikisa kichwa mara moja, kama alivyofanya siku ile kivuli chake kilipokuwa dirishani. Nilichukua kitambaa nikakileta puani. Hakikuwa na harufu yoyote tena.

"Ni sifa, mwanangu," nikamwambia. "Vuta kiti ukae. Na umvutie kiti ami yako."